Mvua ya juzi na msitu wa kale

Kule Rusinga nilimsikia mhadhiri akichanganya hali ya hewa na tabianchi. Mzee mmoja akamkatiza: “Mwalimu, mvua tunaijua. Hiyo nyingine ni nini?”

Swali zuri, jamani! Na jibu tulikuwa tumelikanyaga. Kisiwani humo Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul mwaka 1948. Watafiti wakaeleza mwaka 2014 kwamba visiki na mizizi iliyogeuka mawe ni ya msitu mnene wa miaka milioni 18 hivi iliyopita. Leo ni nyasi na miba. Hali ya hewa ni ya siku. Tabianchi, wataalamu huipima kwa miaka 30 au zaidi.

“Basi ziwa lilipofurika 1964, tena 2020,” mzee akauliza, “tuliite lipi?”

Mhadhiri akafunga daftari, akaketi karibu naye.