Wanawake Waliobeba Vita Mjini

Kaloleni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ilijengwa miaka ya 1940. Watu wa Eastlands walipanda basi au walitembea.

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952. Mau Mau, waliopigana na utawala wa Waingereza, walipoagiza mabasi ya mji yasusiwe, maelfu ya watu walikwenda kazini kwa miguu. Usafiri wa vita vyenyewe uliwategemea sana wanawake. Walipitisha barua, dawa na risasi mbele ya askari, zikiwa zimefichwa chini ya mboga kikapuni au ndani ya nguo za mtoto mgongoni.

Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume walipelekwa kizuizini, na wanawake wengi wakarudishwa vijijini pamoja na watoto wao. Mwandishi Muthoni Likimani alieleza maisha ya wanawake hao katika kitabu chake Passbook Number F.47927 (1985).

Ukumbi wa Kaloleni unakumbukwa kwa viongozi waliohutubia humo. Wanawake hawa nao wanastahili heshima hiyo hiyo.