Daftari la Misitu: Picha za Dunia Zilivyofunguliwa kwa Wote

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa karne nyingi misitu ya dunia ilipotea hivyo. Aliyejua ukubwa wa hasara ni yule tu aliyeishi kando ya msitu wenyewe.

Daftari lilifunguliwa Julai 23, 1972, Marekani iliporusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Ilibeba kifaa kilichobuniwa na mhandisi Virginia Norwood, chenye uwezo wa kupima hata mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi kuliko udongo mtupu, kwa hiyo eneo lililofyekwa katikati ya msitu lilionekana wazi kama kiraka kwenye kanzu. Kila baada ya siku 18 setilaiti ilipita tena juu ya mahali palepale.

Kulisoma daftari hilo kulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1980 Marekani ilikabidhi uuzaji wa picha hizo kwa kampuni binafsi, na bei ikapanda hadi kama dola 4,000 kwa picha moja. Picha moja hufunika takriban kilomita 185 kwa 185. Kwa bei hiyo, kuitazama Tanzania nzima mara moja tu kungegharimu zaidi ya dola 100,000. Mwaka 2001, ambao mauzo yalikuwa makubwa kuliko yote, zilinunuliwa wastani wa picha 53 tu kwa siku.

Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote bure, na picha zikaanza kupakuliwa kwa maelfu kila siku. Hapo kikajitokeza kikwazo cha pili: kompyuta za ofisini zilielemewa. Wanasayansi wa Brazil waliokuwa wakifuatilia msitu wa Amazon walilifikisha tatizo hilo kwa Rebecca Moore wa Google. Desemba 2010, kwenye mkutano wa tabianchi wa Cancún, Mexico, ikazinduliwa Earth Engine. Kwa teknolojia hii ya wingu, mtafiti hana haja ya kupakua picha. Hutuma maelekezo tu, maelfu ya kompyuta zikagawana kazi, na ramani ikamrudia kwenye kioo chake.

Mwaka 2013 timu ya Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland ilichambua picha 654,178 kwa Earth Engine. Pale mawingu ya mvua yalipoziba msitu, kompyuta zilitafuta picha za siku nyingine zilizolionyesha eneo hilo bila wingu. Kazi ambayo ingeichukua kompyuta moja miaka 15 ilikamilika kwa siku chache. Kwenye ramani, nyekundu ni msitu uliopotea na buluu ni uliochipua. Kati ya 2000 na 2012 dunia ilipoteza kilomita za mraba milioni 2.3 za msitu, karibu sawa na eneo lote la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uliochipua ulikuwa milioni 0.8 tu.

Mau, Usambara na misitu ya Kongo vimo katika daftari hilo, na watafiti wasiofanya biashara hulisoma bure kupitia Earth Engine. Vyuo vyetu vifundishe kulisoma, na ramani zake zifike mezani kwa kamati za maliasili za vijiji. Wanaoulinda msitu kwa miguu yao ndio wenye haki ya kwanza ya kuuona kutoka juu.