Ua la Usambara katika Madirisha ya Ughaibuni

Miongoni mwa mimea ya vyunguni iliyoenea duniani, ni michache ambayo asili yake yajulikana kwa uhakika kama ule mmea mdogo ambao Wajerumani waliuita urujuani wa Usambara, kwa sababu maua yake yalifanana na yale ya urujuani wa Ulaya, ingawa mimea hiyo miwili haina udugu wowote. Vitabu vya bustani huanza habari zake mwaka 1892, pale Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alipoukuta umeota katika mawe ya chokaa yenye kivuli karibu na mji huo. Kudai kwamba aliugundua ni kutia chumvi, kwani wakazi wa misitu hiyo waliishi nao tangu kale, na hata kwa upande wa Wazungu, John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alikwisha kupeleka sampuli yake katika bustani ya Kew mnamo mwaka 1884. Tofauti ni kwamba Saint Paul-Illaire alimpelekea baba yake, aliyekuwa mpenzi wa mimea adimu, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliueleza kisayansi na kuuita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo.

Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ndiyo iliyoufanya bidhaa. Hata hivyo, kilichouingiza sebuleni ni tabia yake yenyewe zaidi ya biashara: mmea uliozoea kuishi mwambani chini ya miti mikubwa, ambako mwanga ni hafifu na joto halipandi wala kushuka sana, huridhika dirishani mahali ambapo mimea ipendayo jua kali hudhoofika. Tena jani moja, likikatwa pamoja na kikonyo chake, yaani kijiti kinacholishikilia kwenye shina, na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi na kuzaa miche kamili, hivyo mtu asiye na fedha aliweza kuupata kwa jirani bila kununua chochote.

Mwaka 1926 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche 10 iliyo bora, mmojawapo ukiitwa Blue Boy, na kutokana na uteuzi huo mwembamba ikatoka sehemu kubwa ya aina zilizouzwa Marekani kwa miaka mingi. Wapenzi wake walifanya maonyesho yao ya kwanza mjini Atlanta mwaka 1946, wakaunda chama.

Wakati huohuo jamaa zake wa porini, waishio Usambara, Uluguru, Nguru na vilima vya Taita nchini Kenya, wamezidi kubanwa, kwa kuwa miti ikikatwa mwamba hukauka na mmea hufa, na baadhi yao hupatikana katika mlima mmoja tu. Mwaka 2015 wataalamu waliiondoa jenasi ya Saintpaulia, yaani kundi lililokusanya spishi hizo, wakaziingiza katika Streptocarpus, lakini wauza maua na wakulima wa vyunguni wameendelea kulitumia jina la ofisa wa Tanga.