Foleti, jeni ya MTHFR na mgongo wazi

Mgongo wazi ni kasoro ya kuzaliwa inayotokea mrija wa neva wa kiinitete usipofunga upande wa chini. Mrija huo, ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo, huanza kama utando bapa wa seli. Kingo zake huinuka, hukutana na kushikana kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Ukibaki wazi upande wa kichwa, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto haishi.

Seli za mrija huo hugawanyika kwa kasi na kila mara zinahitaji DNA mpya, ambayo haijengeki bila foleti (vitamini B9). Kimeng'enya kinachotokana na jeni ya MTHFR huelekeza sehemu ya foleti kwenye kazi nyingine, ya kugeuza homosisteini kuwa methionini, na hapo vitamini B12 nayo huhitajika. Mwaka 1995 lilielezwa badiliko la herufi moja katika jeni hiyo, C677T. Kimeng'enya chenye badiliko hilo huiachia kwa urahisi FAD, molekuli ambayo mwili huiunda kutokana na vitamini B2, na kikishaiachia hulegea. Foleti ya kutosha hukiimarisha. Ndiyo maana mwenye nakala mbili za badiliko hilo hupandwa na homosisteini hasa foleti inapopungua mwilini. Badiliko hilo huhusishwa na mgongo wazi, ila haliamui peke yake; kumwambia mama kwamba damu ya ukoo wake ndiyo iliyomlemaza mtoto ni kumwonea.

Jaribio la Medical Research Council la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1991, lilihusu wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro ya mrija wa neva. Miligramu 4 za asidi ya foliki (foleti iliyotengenezwa kiwandani) kwa siku zilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72.

Kusini mwa Sahara C677T ni nadra, ila mgongo wazi upo. Jeni hii si njia pekee. Hata foleti si vitamini pekee inayohusika na kasoro za kuzaliwa: mwaka 2017 watafiti wa Sydney walieleza familia zenye hitilafu katika jeni za HAAO na KYNU, ambazo watoto wao walizaliwa na kasoro za moyo, figo na pingili za mgongo. Panya wajawazito wenye hitilafu kama hizo walipopewa naiasini (vitamini B3), watoto wao walisalimika.

Siku ya 28 wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, na kadi ya kliniki huja baadaye sana. Kwa hiyo mikrogramu 400 za asidi ya foliki hushauriwa kila siku kabla ya mimba. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga kwa asidi hiyo mwaka 2011, lakini sembe ya mashine za mtaani mara nyingi haina nyongeza hiyo.