Haya Iliyozaa Elimu

Vijana wenzangu, daktari akikuwekea stetoskopu kifuani, wajua anasikiza nini? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham, aliandika kuwa damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo, bali huzunguka kupitia mapafuni. Njia ya damu ikajulikana. Kuisikia ilikuwa bado.

Mwaka 1816, mjini Paris, René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za maradhi ya moyo. Zama hizo daktari aliweza kulaza sikio juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec akaona haya. Akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza. Mapigo yakaja wazi zaidi!

Kila pigo lina sauti mbili, nazo ni za milango ya moyo ikijifunga. Kwanza hufunga ya kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha ya mishipa mikubwa inayotoa damu. Mlango ukivuja, husikika mvumo.

Basi wazazi, msidharau koo la mtoto. Baadhi ya maumivu ya koo yasipotibiwa huleta homa inayoharibu milango hiyo. Mpelekeni mapema akapimwe.