Boga la nazi: jinsi ya kupata rojo tamu bila kumaliza sukari

Msimu wa maboga ukifika, nyumba nyingi vijijini huwa nayo mengi kuliko yanavyoweza kulika. Sokoni bei imeshuka, watoto wamechoka na boga la kuchemsha, na mengine huishia kuozea shambani au kulishwa mifugo. Wasikilizaji wetu kadhaa wametuuliza: lipikweje boga ili familia ilipende? Na wengine wamelalamika kwamba wamejaribu boga la nazi, wakamimina sukari nyingi, na bado wakapata supu ya majimaji.

Katika makala hii tunaeleza mapishi hayo hatua kwa hatua. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: rojo zito linalong'aa juu ya boga halitokani na wingi wa sukari. Linatokana na kukausha maji. Tui likichemka polepole, maji hupanda na mvuke, na mafuta ya nazi pamoja na sukari kidogo iliyomo hubaki na kushika vipande vya boga. Ukielewa hivyo, sukari kidogo inatosha.

Boga la nazi ni chakula cha pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba. Mwezi wa Ramadhani huonekana mara nyingi kwenye futari, pamoja na muhogo, magimbi na viazi vitamu. Lakini si lazima kusubiri Ramadhani. Linafaa kuwekwa pembeni ya wali na maharage, au kuliwa kwa chai jioni.

Kwa nini boga na nazi vinafaana

Rangi ya chungwa ndani ya boga hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo anaweza kupata shida ya kuona kunapoanza kuwa giza, na mwili wake hupungukiwa na nguvu ya kupambana na maradhi. Karotini hufyonzwa vizuri zaidi mwilini inapoliwa pamoja na mafuta. Ndiyo maana boga lililopikwa kwa nazi, karanga au mafuta kidogo linafaa kuliko lililochemshwa kwa maji matupu.

Kuchagua boga

Chagua boga lililokomaa: zito mkononi, ganda gumu lisiloingia ukucha, na kikonyo kilichokauka. Boga changa lina maji mengi na halina utamu, kwa hiyo utajikuta unaongeza sukari.

Kabla ya kupika, onja kipande kidogo sana kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema na usilipike boga hilo. Uchungu mkali kwenye jamii ya maboga ni dalili ya sumu inayoweza kusababisha kutapika na kuharisha, na kupika hakuiondoi.

Vitu vinavyohitajika, kwa watu 6

- Boga kilo 1
- Nazi 1 iliyokomaa
- Sukari vijiko vikubwa 4, au sukari guru kiasi hicho hicho
- Hiliki punje 6, zilizomenywa na kutwangwa
- Chumvi, robo ya kijiko cha chai
- Mdalasini kipande kidogo, ukipenda

Namna ya kupika

1. Osha boga, lipasue, toa mbegu na nyuzi. Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Ganda si lazima kulimenya, maana husaidia kipande kisivunjike. Ukubwa wa vipande uwe sawa ili viive pamoja.

2. Kuna nazi. Tia maji ya vuguvugu nusu kikombe, kamua na kuchuja. Hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Rudishia machicha maji kikombe 1, kamua tena upate tui jepesi.

3. Panga vipande kwenye sufuria pana, ganda likiwa chini. Sufuria pana hukausha maji haraka kuliko sufuria ndefu. Mimina tui jepesi, tia chumvi na mdalasini. Funika, pika kwa moto wa wastani dakika 10 hivi, mpaka kisu kianze kuingia kwenye boga lakini bado kuna ugumu kidogo.

4. Funua sufuria. Nyunyiza sukari na hiliki. Kuanzia hapa usifunike tena, kwa sababu mfuniko hurudisha mvuke ndani ukawa maji. Acha lichemke mpaka maji yabaki kidogo tu chini.

5. Punguza moto: toa kuni moja au mbili, au tawanya makaa. Mimina tui zito. Usikoroge kwa mwiko, boga litapondeka. Shika sufuria kwa vitambaa na uitikise taratibu, au teka rojo kwa kijiko na kumwagia juu ya vipande. Moto ukiwa mkali tui hukatika, mafuta yakajitenga na maji, na rojo halitashika.

6. Baada ya dakika 7 hadi 10, chovya kijiko na ukigeuze. Rojo likibaki limeshika mgongo wa kijiko, limekuwa tayari. Epua mapema kidogo, kwa kuwa litaendelea kuwa zito likipoa.

Likienda vibaya

Likiwa na maji mengi, usiongeze sukari. Toa vipande vya boga kwanza uviweke kwenye sahani, chemsha rojo peke yake mpaka lipungue, kisha vimwagie juu. Likianza kushika chini, usikwangue. Hamishia sufuria nyingine na uache kilichoungua, la sivyo ladha ya moshi itaenea kote.

Sukari iwe kiasi gani?

Kijiko kikubwa kimoja cha sukari kina gramu 12 hivi. Vijiko 4 kwa watu 6 ni kama gramu 8 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya gramu 25, ikijumuisha ile ya kwenye chai na soda. Ukitumia kikombe kizima cha sukari, kama wengine wanavyofanya, kila mtu atakuwa ameshapita gramu 25 kwa sahani moja tu.

Kama nyumbani kuna mwenye kisukari, mtengee vipande vyake baada ya hatua ya 3, kabla sukari haijaingia, na uvimalizie kwa tui zito kidogo kwenye sufuria ndogo. Kiasi anachoweza kula afuate ushauri wa mhudumu wake wa afya, maana boga lenyewe lina utamu wake.

Kwa wanaoishi mbali na pwani

Pasipo nazi, tumia karanga. Kaanga karanga kikombe nusu, zitwange ziwe laini, zikoroge kwa maji kikombe 1, na uzitie badala ya tui zito. Chambua kwanza: karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizonyauka zitupwe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu.

Njia hii hii inafaa kwa viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na kwa karoti. Kwa karoti nusu kilo, tia maji nusu kikombe, kijiko kikubwa 1 cha samli au mafuta na kijiko kikubwa 1 cha sukari au asali. Pika bila kufunika mpaka maji yakauke na karoti zing'ae, kisha kamulia ndimu kidogo. Chakula chenye asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kuhifadhi

Boga zima lililovunwa pamoja na kikonyo chake, bila mchubuko, linaweza kukaa miezi 2 au zaidi mahali pakavu penye kivuli na hewa. Liweke juu ya ubao au majani makavu, lisiguse udongo, na maboga yasigusane. Likishakatwa, lipikwe siku hiyo au kesho yake.

Boga la nazi lililopikwa liliwe siku hiyo hiyo. Tui huchacha haraka kwenye joto, kwa hiyo pasipo friji pika kinachotosha mlo mmoja. Likitoa povu au harufu ya uchachu, limwage.

Mbegu msizitupe. Zioshe, zianike, kisha zikaange kwa chumvi kidogo. Watoto watazitafuna huku wakisubiri sufuria iepuliwe.