Wageni wa Mbogani

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukaifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, utafika mahali panapoitwa Dagoretti Corner. Hapo njia zagawanyika. Moja, nayo ni Barabara ya Naivasha, yashika upande wa kulia kwenda Riruta na Kawangware; ya pili yaendelea mbele, yapita uwanja wa mashindano ya farasi na msitu wa Ngong, hata ifike Karen. Msomaji wangu, nataka tuzifuate njia zote mbili, kwa sababu habari ya nyumba moja iliyoko Karen haieleweki vema mpaka umejua pia habari za watu waliokaa upande wa Dagoretti.

Nyumba yenyewe huitwa Mbogani. Ilijengwa mwaka 1912 kwa mawe, ikaezekwa vigae vyekundu, nayo yaitazama milima ya Ngong. Leo ni jumba la makumbusho: serikali ya Denmark iliinunua ikaitoa zawadi kwa Kenya mwaka 1964, baada ya uhuru, na milango yake ikafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1986. Waliokuwa na nyumba hiyo tangu 1917 ni mume na mke waliotoka kaskazini ya Ulaya. Mume, Bror Blixen, alikuwa Mswidi wa ukoo wa kibwanyenye. Mke, Karen Dinesen, alizaliwa Denmark mwaka 1885. Walioana Mombasa tarehe 14 Januari 1914, mara tu bibi arusi aliposhuka melini, na mmojawapo wa mashahidi wa ndoa alikuwa mwana wa mfalme wa Uswidi aliyesafiri naye katika meli hiyo. Kisha wakapanda gari la moshi kwenda bara.

Walikuja kutafuta utajiri, wala hawakuficha jambo hilo. Kwanza walikusudia kufuga ng'ombe wa maziwa. Bror akageuza shauri peke yake, akanunua shamba la kahawa kwa fedha za jamaa za mkewe. Hatimaye shamba lilikuwa na eka kama 6,000, na katika hizo kama 600 zilipandwa mibuni. Zilizosalia zilikuwa misitu, malisho, na mashamba madogo ya Wakikuyu waliokaa humo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo na kuuliza: katika habari hii, mgeni ni nani, na mwenyeji ni nani? Mwaka 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, alifika Dagoretti akajenga boma. Waiyaki wa Hinga alimpokea, wakala kiapo cha udugu. Udugu huo haukuishi sana. Watu wa boma walipora vyakula vya majirani, vita vikazuka, na mwaka uliofuata boma likaachwa, likachomwa moto. Waiyaki mwenyewe alikamatwa mwaka 1892, akafa Kibwezi njiani akipelekwa pwani. Baada yake zilikuja sheria. Sheria ya ardhi ya 1902, na nyingine ya 1915, ziliifanya nchi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, naye akawakodisha walowezi. Na hukumu ya mahakama kuu ya mwaka 1921 ikasema kwamba Wakikuyu ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Tena sheria ya 1918 iliagiza kwamba Mwafrika akaaye katika shamba la mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mtu wa namna hiyo aliitwa skwota. Methali yetu yasema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku Ngong mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akampangia na siku za kulishika.

Bibi Blixen mwenyewe alilitambua jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa, anakiri kwamba wengi wa maskwota wake walizaliwa katika shamba lile, na baba zao kabla yao, na kwamba yamkini walimwona yeye kuwa skwota mwenzao, ila wa cheo cha juu. Ni neno la kweli kuliko mengi yaliyoandikwa na walowezi wa siku zile. Lakini wewe usomaye historia kumbuka kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya nyumba hii yatoka katika kalamu yake yeye, naye aliandika akiisha kuondoka, akiwa na huzuni na shauku. Ngugi wa Thiong'o alikishutumu kitabu hicho kwa ukali, kwa kuwa mara nyingi huwafananisha Waafrika na wanyama. Shutuma hiyo ni ya haki. Hata hivyo kitabu hakitupwi. Husomwa kwa macho mawili.

Maisha ya kila siku katika nyumba hiyo yalikuwaje? Watu wa Ulaya walidhani kwamba nchi iliyo karibu na mstari wa ikweta ni lazima iwe joto kama tanuri. Mbogani iko juu ya bahari kwa futi zipatazo 6,000, na usiku baridi yake hupenya nguo. Moto uliwashwa sebuleni, watu wakakaa mbele yake kama Denmark. Walileta vyombo vya kaure, bilauri, fedha za mezani, vitabu, na mbwa. Walikuwa pia na saa ya ukutani ambayo ndege wa mti hutokeza kila inapolia. Watoto wachungaji walikuja na mbuzi wao saa sita mchana, wakaingia polepole kumngoja ndege huyo, na alipotokea wakacheka, kisha wakarudi malishoni. Kwa bibi mwenye nyumba saa ile ilikuwa pambo tu, maana watu wa shambani waliutazama mchana kwa jua.

Aliyeiendesha nyumba hasa alikuwa Farah Aden, Msomali, ambaye Bwana Blixen alimtuma mpaka Aden kumlaki mchumba wake. Farah alishika fedha za nyumba, aliwasimamia watumishi, alijua deni lipi lilipwe leo na lipi lingoje. Kwa muda wa miaka 17 na zaidi hakuna jambo kubwa lililofanyika bila yeye. Kiswahili ndicho kilichotumika kati ya bibi na watu wake, ijapokuwa hakikuwa lugha ya mama ya hata mmoja wao: yeye Mdenmark, Farah Msomali, maskwota Wakikuyu, na majirani wa ng'ambo ya mto Wamasai. Wao walimwita Msabu, wakilifupisha neno memsahib lililotoka Bara Hindi. Kila asubuhi, tangu saa tatu hata saa nne, alikaa nje ya nyumba akiwatibu wagonjwa, ingawa hakusomea uganga. Na uwanja wa mbele ulikuwa mahali pa wazee wa kiama kukutania wanapoamua kesi zao.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mtoto aitwaye Kamante, mwana wa Gatura, aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni. Dawa za Bibi zilishindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Thogoto. Misheni hiyo ilianzia Dagoretti mwaka 1898, kabla ya kuhamia Thogoto. Kamante alikaa huko miezi mitatu, akarudi amepona tena Mkristo. Akaingia jikoni, na baadaye akawa mpishi ambaye sifa zake zilienea Nairobi nzima. Mwezi Novemba 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alipokula Mbogani, Kamante ndiye aliyepika.

Hakujua kusoma, kwa hiyo vitabu vya mapishi havikumfaa. Mchuzi aliufundishwa mara moja, naye akaupa jina la jambo lililotukia siku hiyo: mmoja ulikuwa wa radi iliyoupiga mti, na mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Hivyo jiko zima lilihifadhiwa kichwani, na pamoja nalo taarikh ya shamba. Chakula chenyewe cha Wazungu hakukipenda. Alionja kwa ajili ya kazi tu. Siku alipotaka kumpendeza Bibi kwa dhati alimletea kiazi kitamu kilichochomwa. Mwaka 1975 ilitoka kumbukumbu yake mwenyewe katika kitabu kilichotayarishwa na Mmarekani Peter Beard, na yafaa visomwe vyote viwili, cha bibi na cha mpishi.

Na ile ndoa? Haikudumu kama nyumba. Vita vya 1914 vilipoanza Bwana Blixen alikwenda mpakani kwa kazi ya upelelezi, na mkewe akaongoza magari ya maksai yaliyopeleka vyakula kwa askari. Mwaka uliofuata Bibi aliugua sana, akarejea Denmark kutibiwa. Bror alikuwa mwindaji hodari na mtu wa kupendeza, lakini fedha mkononi mwake zilikuwa kama maji katika pakacha. Mwaka 1921 jamaa za mke, ambao ndio waliokuwa wenye kampuni, walimwondoa katika usimamizi wa shamba, wakamweka Karen. Mwaka 1925 ndoa ilivunjwa kisheria. Asubuhi iliyofuata, bila shaka, Farah alifungua milango kama kawaida na kuni ziliwashwa jikoni. Unaona, basi, kwamba kile kilichoitwa nyumba ya Bwana na Bibi Blixen kiliweza kwenda bila Bwana. Bila Farah na Kamante na maskwota kisingalikwenda hata siku moja.

Kahawa nayo haikutii. Shamba lilikuwa juu mno. Baridi iliwaka mibuni, mvua zikakosa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1923 kiwanda cha kukaushia buni kiliteketea. Wakati wa mavuno wanawake na watoto walichuma, buni zikatiwa katika magunia, kumi na mawili kwa tani, zikapakiwa katika magari yaliyovutwa na maksai kumi na sita kila moja, yakaifuata njia ya Nairobi mpaka stesheni. Kazi haikupungua, faida ndiyo haikuonekana. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani tangu 1929, deni likawa halina dawa.

Katika mwaka huo huo wa 1929 lilitokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika habari hii. Chifu mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, ambaye Waingereza walimpa cheo hicho, alikuwa na mji wake upande wa Dagoretti. Chuo cha ufundi cha Riruta chaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alikuwa rafiki wa Mbogani. Aliwahi kufika kwa motokaa aliyoinunua kwa balozi mdogo wa Marekani, akaketi na wazee kuamua kesi. Sasa alikuwa akifa. Alimwita Bibi Blixen, akamwomba amchukue nyumbani kwake, kwa kuwa hakutaka kupelekwa hospitali ya misheni. Bibi alikataa. Yeye mwenyewe aeleza sababu: shamba lilikuwa likimponyoka, alikuwa amechoka, tena aliogopa kulaumiwa na wakubwa kama chifu angefia mikononi mwake. Kinyanjui alifariki, akazikwa Kikristo.

Fikiri, msomaji. Mtu ambaye watu wake walizaliwa katika nchi ile anamwomba aliyekuja juzi chumba cha kufia, na chumba hakipatikani katika nyumba yenye vyumba vingi. Sisemi kwamba Bibi alikuwa mkatili. Asingaliandika kisa hicho kama hakikumchoma moyo. Nasema kwamba urafiki uliojengwa juu ya sheria zile ulikuwa na kikomo, na siku ile kikomo kilionekana.

Mwaka 1931 shamba liliuzwa kwa kampuni ya Nairobi, iliyolikata viwanja vya kujengea nyumba za Wazungu. Mwezi Mei mwaka huo Denys Finch Hatton, rafiki mpenzi wa Bibi, aliangukiwa na mauti ndani ya ndege yake huko Voi, akazikwa katika milima ya Ngong. Maskwota wakapewa ilani ya miezi sita. Sheria haikuwaruhusu kununua ardhi hiyo, hata kama wangekuwa na fedha. Wazee walikuja Mbogani, wakaketi nje siku baada ya siku. Ombi lao lilikuwa moja: kama hatuna budi kuhama, tupelekwe sote mahali pamoja, pamoja na mifugo yetu. Wakitawanywa huku na huku, nani angeshuhudia tena kwamba huyu ni mwana wa fulani, na ng'ombe huyu alilipwa kwa ajili ya binti yule?

Katika miezi yake ya mwisho Bibi Blixen alikwenda ofisi baada ya ofisi kwa ajili ya ombi hilo: kwa wakuu wa wilaya za Nairobi na Kiambu, kwa wasimamizi wa ardhi, mwisho kwa Gavana mpya, Sir Joseph Byrne. Aliambiwa kwamba katika hifadhi ya Wakikuyu hapakuwa na nafasi tupu ya kuwatosha watu wote hao kwa pamoja. Hakuacha. Hatimaye serikali ilikubali kuwapa sehemu ya msitu wa Dagoretti, si mbali na shamba lile. Habari ilifika kabla yeye hajaondoka kwenda kwao. Wazee waliisikia, wakaanza kushauriana nani ajenge karibu na nani.